Barua kwa Mwanaidi: Karatasi za Wazazi Zipelekwe Wapi

Minneapolis, Minnesota
11 Januari 2025

Kwako Dada Mwanaidi,

Salaam nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto, hasa huyo mchanga ambaye bado sijajaliwa kumpakata. Nilifurahi mno kusikia kwamba ulikula kiapo cha uraia mwezi uliopita, na nilifurahi zaidi kwamba jambo la kwanza ulilolifikiria baada ya kiapo ni wazazi wako.

Uliniuliza kwenye simu karatasi za kuwaombea wazazi ukaazi wa kudumu zinapelekwa wapi, nami nikakujibu kwa neno moja tu, kwamba zinapelekwa USCIS, yaani Idara ya Uraia na Huduma za Uhamiaji. Tangu siku hiyo jibu langu linanikereketa. Si la uongo, lakini ni jibu la namna hiyo hiyo lililonipotezea mimi karibu miezi miwili nilipomwombea mama yangu mwaka 2021. Nililipa mtu wa kunijazia fomu, naye akazituma kwa anwani aliyokuwa ameihifadhi tangu alipowasaidia wateja wake wa awali, na bahasha nzima ikarudi kama ilivyokwenda, pamoja na hundi yangu. Ndiyo maana leo nimeona nikuandikie kwa utulivu, na usome barua hii hadi mwisho kabla hujatia sahihi karatasi yoyote.

Nyumba yenu ina majibu mawili. Mama yuko nawe Columbus, Ohio, na Mzee yuko Malindi. Kila mzazi anahitaji fomu yake ya I-130 na ada yake, kwa sababu mzazi anayeombewa na mtoto wake raia hawezi kumbeba mwenzake ndani ya ombi lake. Fomu hiyo haiwapi ukaazi. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba wewe ni raia uliyetimiza miaka 21 na kwamba hawa ni wazazi wako kweli. Hatua inayofuata ndiyo inayotofautiana, na tofauti hiyo hutokana na mahali alipo anayeombewa siku hiyo.

Nianze na Mzee, kwa kuwa njia yake ni nyoofu. I-130 yake ijaze mtandaoni, kwenye akaunti utakayoifungua katika tovuti ya uscis.gov. Ada ya mtandaoni ni dola 625, na ya karatasi ni dola 675, lakini si hizo dola hamsini zinazonifanya nikusisitizie. Ukijaza mtandaoni, swali la anwani linakwisha papo hapo: hakuna bahasha ya kupotea wala toleo la zamani la fomu, na risiti inatokea kwenye akaunti yako bila kungoja posta. Utapakia nakala ya hati yako ya uraia, cheti chako cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na hati ya ndoa yao. Kwa Mama hati ya ndoa si sharti, lakini kwa baba inatakiwa. Najua waliozeshwa kwa ndoa ya Kiislamu zamani. Basi mwombe Mzee aanze mapema kuitafuta hati yake kwa kadhi, kwa sababu kazi hiyo ndiyo inayoweza kuchukua muda mrefu kuliko fomu zote.

Ombi likikubaliwa, faili litatoka USCIS na kwenda Kituo cha Taifa cha Viza kilichoko Portsmouth, New Hampshire, ambacho ni cha Wizara ya Mambo ya Nje. Huko nako usitume bahasha. Mtapewa namba ya kesi, ambayo kwa watu wanaohojiwa Nairobi huanza na herufi NRB, kisha mtalipa dola 325 za maombi ya viza na dola 120 za ukaguzi wa hati ya udhamini, mtajaza fomu DS-260 ya kuomba viza, na kupakia vyeti, vyote mtandaoni. Miongoni mwa vyeti hivyo kimo cheti cha maadili mema kutoka polisi, ambacho Mzee anakiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na kisha kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Faili likikamilika, Kituo ndicho kitakachompangia tarehe ya mahojiano.

Nakusihi sana umweleze Mzee kwamba ubalozi wa Marekani ulioko Nairobi ni kituo cha mwisho. Mjomba wangu alipanda basi usiku kutoka Kilifi akiwa na fomu zake ndani ya bahasha ya khaki, akafika ubalozini Gigiri asubuhi na mapema, akaelezwa kwa upole kwamba I-130 haiwasilishwi pale isipokuwa kwa dharura maalumu. Alirudi siku hiyo hiyo. Hakuwa na kosa. Sisi tuliokuwa huku ndio tuliomwambia kwamba mambo ya viza yako ubalozini, tukaacha kumwambia kwamba safari ya karatasi huanzia kwa mtoto aliyeko Marekani. Mzee wako ana miaka sabini na miguu yake unaijua. Aende Nairobi siku ya uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi na siku ya mahojiano, akiwa na vyeti halisi mkononi, na si kabla ya hapo. Viza ikitoka, kabla hajapanda ndege, mtalipa dola 235 za kutengenezewa kadi ya ukaazi, nazo pia hulipwa mtandaoni kwa USCIS.

Sasa Mama. Hapa ndipo ninapotaka uwe na subira, kwa sababu mtu aliyeko ndani ya nchi anaweza kuomba kubadilishiwa hadhi bila kurudi Malindi, na karatasi zake hazigusi Portsmouth wala Nairobi. Kwake utatuma kifurushi kimoja chenye I-130 yako, I-485 yake ya kuomba ukaazi, I-864 ya udhamini, na I-693 ya uchunguzi wa afya ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa na daktari aliyeidhinishwa na USCIS. Tangu tarehe 2 Desemba 2024 hiyo ya afya ni lazima iambatane na I-485 tangu mwanzo. Wanaokwambia kwamba utaipeleka siku ya mahojiano wanasimulia utaratibu uliokwisha. Tia pia nakala ya pasipoti yake, viza, na rekodi ya kuingia ya I-94, kwa sababu msingi wa ombi lake lote ni kwamba aliingia kwa kukaguliwa na kuruhusiwa.

Kifurushi hicho huenda kwa posta, kwenye kimoja cha vituo vya kupokelea maombi vya USCIS. Viko katika miji kama Chicago, Dallas, Phoenix na Elgin. Nimeamua makusudi kutokuandikia anwani yoyote katika barua hii, na ukipewa anwani na mtu mwingine, hata awe amefanikiwa mwezi uliopita, mshukuru na uiweke kando. Anwani sahihi hutegemea jimbo unaloishi, hutegemea kama I-130 inakwenda peke yake au pamoja na I-485, na hutegemea anayeibeba bahasha: Posta ya Marekani hupeleka kwenye sanduku la posta, na kampuni kama FedEx, UPS na DHL hupeleka kwenye anwani ya mtaa. Tena hubadilika. Fungua ukurasa wa I-485 kwenye uscis.gov asubuhi ya siku ile ile unayokwenda kutuma, tafuta sehemu ya anwani za kuwasilishia, tafuta Ohio, chapisha ukurasa huo na uuhifadhi pamoja na stakabadhi ya posta. Wakati huo huo linganisha tarehe ya toleo iliyo chini ya kila ukurasa wa fomu na ile inayotajwa kwenye tovuti. Bahasha yangu, nilikuja kugundua baadaye, ilikuwa na makosa yote mawili.

Wanaoipokea huko hawaamui kesi. Wao hutazama kama fomu imetiwa sahihi, kama toleo ni la sasa na kama ada ni kamili. Kikikosekana kimoja, kifurushi kinarudishwa na siku zote zilizopita hazihesabiwi. Ada ya I-485 ni dola 1,440 kwa mtu wa umri wa Mama, na I-130 ya karatasi ni hizo 675 nilizokutajia. Ukitaka na kibali cha kazi ni dola 260, na kibali cha kusafiri ni 630. Lipia kila fomu peke yake, na usijumlishe ada mbili katika malipo mamoja. Kibali cha kusafiri nisingekiacha. Mama akitoka nje ya nchi kabla ya kukipata, hata kwa kuwahi mazishi, ombi lake la I-485 litahesabiwa kuwa limeachwa, na unajua vizuri kama mimi kwamba kwetu mtu hazuiliki kwenda kuzika.

Risiti ikishatoka, faili huenda Kituo cha Taifa cha Mafao kilichoko Lee's Summit, Missouri, nanyi hamtakuwa na la kufanya huko. Mama ataitwa alama za vidole kwenye kituo cha karibu, na akihitajika mahojiano atakwenda ofisi ya USCIS hapo hapo Columbus. Mkihama nyumba, Mama lazima atoe taarifa ndani ya siku 10, nawe utoe yako, maana barua ya wito ikienda nyumba ya zamani hakuna atakayewatafuta.

Kuna jambo moja ambalo singependa ulitegemee kwa barua yangu. Mama alikuja Agosti kwa viza ya matembezi ili akusaidie uzazi, na muda aliopewa unaisha Februari. Akiwa mzazi wa raia, sheria inamruhusu kuomba hata muda huo ukiwa umepita, lakini mimi ningependa ombi liingie kabla. Lililo zito zaidi ni swali atakaloulizwa: je, alipoingia alikuwa ameshakusudia kukaa? Kama uamuzi ulikuja baada ya wewe kuapa na baada ya nyinyi kuzungumza, aseme hivyo hivyo, bila kupamba. Kabla ya kutuma, mtafute mwanasheria wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, mlipe hata kwa saa moja ya ushauri, na umwonyeshe viza na I-94. Mjaza fomu wa dukani haruhusiwi kukushauri juu ya jambo hili, hata akiwa mwenzetu na akizungumza Kiswahili kitamu. Huyo huyo mwanasheria muulize pia kuhusu Mzee, maana I-130 yake ikishaingia, kupata viza ya matembezi kutakuwa kugumu zaidi, na kila fomu itakayomuuliza kama ameombewa uhamiaji lazima aijibu ndiyo.

Juu ya udhamini, ulisema unahofia mshahara. Hesabu hufanywa kwa idadi ya watu: wewe, shemeji na watoto wawili ni wanne, ukimwongeza Mama mnakuwa watano, na kiwango cha mapato kinachotakiwa, yaani asilimia 125 ya mstari wa umaskini uliowekwa na serikali, kwa watu watano kilikuwa dola 45,725 kwa mwaka katika viwango vya 2024. Zamu ya Mzee ikifika mtakuwa sita, na kiwango hicho kwa sita kilikuwa dola 52,450; hata hivyo viwango hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo utasoma upya. Mapato ya shemeji yanaweza kujumlishwa kwa fomu I-864A kwa kuwa mnaishi nyumba moja, na yakiwa hayatoshi anaweza kutafutwa mdhamini mwenza. Mimi niko tayari kuwa mdhamini huyo. Nimeshazungumza na mume wangu na tumekubaliana, kwa hiyo usione haya kuniambia.

Yupo pia mdogo wako Salim, mwenye miaka kumi na mitatu, ambaye hukumtaja, nami nadhani ulidhani atafuatana na Mzee. Hawezi. Ombi la mzazi wa raia halibebi watoto. Ukimwombea wewe kama ndugu atasubiri miaka mingi sana, pengine zaidi ya kumi na mitano. Lakini Mama akishapata kadi yake, yeye mwenyewe anaweza kumjazia I-130 kama mtoto wa mkaazi aliye chini ya miaka 21, na foleni hiyo ni fupi kuliko ya ndugu. Kwa ajili hiyo ningeanza na Mama wiki hii, na ningemwuliza Mzee kwa unyoofu kama yuko radhi kuondoka Malindi kabla ya mtoto, au angependa abaki naye hadi njia ya Salim ionekane. Uamuzi huo ni wao, si wetu.

Kabla ya Jumamosi nitumie picha za cheti chako cha kuzaliwa, pasipoti za wazazi wote wawili na hati yako ya uraia. Nataka tulinganishe majina herufi kwa herufi, kwa maana naona kwenye hati moja Mama ni Mwanakombo na kwenye nyingine ni Mwana Kombo, na hilo ni bora tuliandalie hati ya kiapo sasa, Mama akiwa bado hajaitwa na mtu. Nitakupigia Jumamosi baada ya Alasiri, na tutaifungua akaunti ya Mzee pamoja.

Nisalimie Mama sana.

Ni mimi nduguyo,
Zuhura