Ule ushauri wa kumalizana na mteja pembeni utatuumiza sisi wa kazi za mikono

Ndugu mhariri,

Salamu kwako na kwa wenzako wote hapo gazetini. Nawasoma karibu kila siku na sijawahi kuwaandikia, ila makala yenu ya juzi kuhusu kuuza vitu vya mikono mtandaoni imenikalisha chini maana kuna mahali mmewapoteza watu. Mengi mliyosema ni sawa kabisa, piga picha kwenye mwanga wa dirishani, andika vipimo, mwambie mteja mapema kitu kinachukua siku ngapi kutengeneza, hayo yote nayaunga mkono. Lakini mkasema muuzaji akishampata mteja bora amtoe kule kwenye soko la mtandaoni wamalizane wenyewe kwa email au WhatsApp ili kukwepa makato ambayo soko linachukua kwenye kila mauzo. Mhariri, hapo hapo ndo matapeli wanapotusubiria.

Mimi natunga shanga, mikufu na hereni na bangili. Mkufu mmoja wa safu nyingi unaweza ukanila siku 3, shingo inauma, macho yanauma, na ukikosea kuhesabu shanga mbili tu katikati unafumua unaanza upya. Nilipofungua duka mtandaoni siku ya pili tu meseji ikaingia, hata picha sijamaliza kuzipandisha. Alijitambulisha kama mama mmoja anayeozesha binti yake, amezipenda sana kazi zangu, anataka mikufu 12, tatizo programu inamgomea kulipa kwahiyo nimpe email yangu. Jamani nilivyofurahi! Hujauza hata kitu kimoja alafu anakuja mtu anataka 12, utawaza vibaya saa ngapi, nikampa. Dakika chache tu ikaja barua yenye nembo ya lile soko, rangi zile zile, inasema oda yako imelipiwa ila pesa imezuiwa mpaka uthibitishe akaunti, bonyeza hapa. Nikabonyeza. Ukurasa ulifanana mno na ule wa ukweli, nikajaza namba za kadi na zile tarakimu 3 za nyuma, kisha benki ikanitumia namba za uthibitisho kwenye simu nazo nikaziandika pale pale. Meseji ya benki iliyofuata ilikua ya pesa kutoka. Akiba yote ya kununulia shanga ikaondoka na mama wa harusi sikumuona tena.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukigundua baadae. Muda wote ule sikufungua hata mara moja ukurasa wa oda ndani ya duka langu. Ningefungua ningekuta hamna kitu, hakuna oda, hakuna malipo, kweupe. Oda ya kweli inakaa ndani ya akaunti yako, na hela ya kweli utaiona ukiingia mwenyewe kwa kuandika anwani ya soko kwa mkono wako, siyo kwa linki uliyoletewa. Email ni karatasi tu, yeyote anaweza kuichapa na kuweka nembo anayotaka. Na kupokea malipo hakuhitaji ulete zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi wala namba za uthibitisho, hizo ni za kutoa pesa.

Sasa turudi kwenye makato, maana najua ndo yanayowasukuma watu na siwalaumu. Etsy, soko la mtandaoni ambalo lilianza mwaka 2005 hasa kwa ajili ya vitu vya mikono, Aprili 2022 lilipandisha makato ya kila mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5 na wauzaji wengi wakafunga maduka yao kwa wiki nzima kupinga. Hasira yao naielewa kabisa. Lakini tapeli nae anaijua hiyo hasira, ndo maana anakuja na maneno matamu, kwanini uwape hawa watu jasho lako, tumalizane mimi na wewe. Ukitoka nje umeacha kila kitu nyuma, mazungumzo hayana kumbukumbu kule sokoni, malipo hayajulikani, ukilalamika hakuna wa kukusikiliza kwa sababu biashara haikufanyika kwao. Tena sheria zao zinakataza kukwepa makato kwa kumtoa mteja nje, kwahiyo unaweza ukatapeliwa alafu duka likafungwa juu yake.

Na wanaolengwa sana ni maduka mapya. Duka likiwa halina hata maoni ya mteja mmoja linaonekana wazi kabisa kwa mtu yeyote, na tapeli anajua mwenye duka hilo ana njaa ya oda ya kwanza, atajibu haraka, hatauliza maswali. Mteja wa kweli wa kazi za mikono anauliza sana! Anauliza uzi gani umetumia, hereni ina uzito gani, rangi hii ikiguswa na maji itakuaje, unaweza kupunguza urefu. Yule mama wangu hakuuliza chochote kuhusu mkufu wenyewe. Hata rangi hakuchagua, na ni harusi.

Kuna mwenzangu anasuka vikapu, yeye walimjia kwa njia ya kuzidisha malipo. Mteja akatuma hundi yenye hela nyingi kuliko bei, akasema ziada hiyo mlipe msafirishaji wangu atakuja kuchukua mzigo. Benki ikaonyesha hela imeingia, mwenzangu akamtumia huyo msafirishaji ziada, siku kadhaa baadae hundi ikarudi ni feki na benki ikakata hela yake yote. Ile ziada aliyoituma ilikua pesa yake mwenyewe. Hela kuonekana kwenye akaunti siyo sawa na hela kuwa yako, hili watu wengi hawajui kabisa na ningeomba sana mliandike kwa herufi kubwa.

Jambo la anwani nalo. Mteja amelipa vizuri kwa PayPal, ile huduma ya kulipana mtandaoni, kila kitu safi, kisha anakuandikia naomba utume kwa anwani nyingine, nimehama. Usitume. Kinga ya muuzaji ya PayPal inataka mzigo uende anwani ile ile iliyoandikwa kwenye malipo na uwe na ushahidi wa mzigo kutumwa na kufika, na mteja ana siku 180 tangu alipe za kufungua madai kwamba hajapata mzigo. Mrudishie pesa yake kwa njia ile ile aliyolipia, mwambie aweke oda upya kwa anwani sahihi. Wa kweli atakubali bila kugomba.

Alafu sisi pia ni wanunuzi, hili makala yenu haikuligusa kabisa. Tunanunua shanga, uzi, vishikizo, ngozi, tena kwa jumla. Muuzaji wa malighafi akikuambia lipa kwa ile njia ya PayPal ya kutumiana ndugu na marafiki eti ni rahisi zaidi, ujue hapo umeshajivua kinga ya mnunuzi, mzigo usipokuja huna pa kudai.

Picha zinaibiwa pia. Mtu anachukua picha ya kazi yako, anafungua duka la uongo, anauza kwa bei ya kutupa, wateja hawapati kitu au wanaletewa takataka ya kiwandani kisha lawama zinakurudia wewe. Hifadhi picha zako za mwanzo kabla hujazikata, na mara moja moja ziweke kwenye Google Lens, ile ya kutafuta kwa picha, uone zimefika wapi. Masoko mengi makubwa ni ya Marekani na kule kuna sheria ya hakimiliki za kidijitali ya mwaka 1998, ukiwaandikia rasmi kwamba picha ni yako huwa wanaishusha. Usiogope fomu, zinajazika.

Mimi nilikaa karibu mwaka mzima bila kumwambia mtu yaliyonipata kwa sababu ya aibu, hata nyumbani nilisema shanga zimechelewa kufika. Nilivyokuja kusema nikakuta wenzangu wawili waliandikiwa na "mama" yule yule, harusi ile ile, mikufu ile ile 12. Ningesema mapema wangenusurika. Na benki nayo niliipigia siku ya tatu wakati ilitakiwa nipige saa ile ile wafunge kadi.

Kwahiyo naomba mhariri mrekebishe ule ushauri, na marekebisho yakae ukurasa ule ule ilipotoka makala siyo pembeni kule chini ambako hakuna anayesoma. Ikiwezekana iwe wiki hii. Jana usiku kuna binti mmoja anayefuma sweta za watoto ameniandikia kwa furaha kwamba kapata mteja wa sweta 40, na email keshatoa. Nimemwambia asibonyeze kitu chochote kwanza, afungue ukurasa wa oda zake aniambie anaona nini. Bado hajanijibu.

Ni mimi mtunga shanga, msomaji wenu.