Katiba ya kikoba ipitishwe kabla hatujajua nani atakuwa nani

Mhariri,

Vikoba vingi, yaani vikundi vya kuweka akiba kwa hisa na kukopeshana, hugawana akiba na kuvunjwa Desemba, kisha kuanza upya Januari. Katika wiki hizo chache wanachama huchagua viongozi, kila mmoja hutaja ataweka hisa ngapi, halafu ndipo hukaa kupitia katiba. Mpangilio huo tunaupinga. Mtu akishajua kuwa yeye ndiye mweka hazina, au kwamba mwezi wa pili anataka mkopo wa ada, kila kifungu atakipima kwa mfuko wake. Si kwamba ana roho mbaya. Ndivyo binadamu tulivyo.

Mwaka 1971 mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, alisema kanuni za haki ni zile ambazo watu wangekubaliana wakiwa nyuma ya pazia, hakuna anayejua kama atakuwa tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Yeye alikuwa akizungumzia jamii nzima, na huko pazia hilo hubaki la kufikirika. Lakini kikoba cha watu 20 kinachoanza mzunguko mpya kinaweza kulishusha kwa mchana mmoja tu.

Tuanze na mfuko wa jamii, ule wa kusaidia mwanachama aliyepatwa na shida kama msiba, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Wanachama 20, kila mmoja Sh500 kwa wiki, kwa wiki 40: jumla ni Sh400,000. Katiba inaandikwa kwamba mfiwa apewe Sh100,000, kwa sababu namba hiyo inatamkika vizuri. Misiba minne tu, mfuko umekauka, na wa tano anaambulia pole. Kuna ubaya mwingine ambao hauonekani mpaka umfike mtu: msiba ukitokea wiki ya tatu, mfukoni mna Sh30,000 tu. Kwa hiyo anayefiwa mapema hapati, anayefiwa wa mwisho hapati, na wa katikati wanapata kamili, ilhali wote wamechangia sawasawa.

Asiyejua atafiwa lini hawezi kukubali kifungu cha namna hiyo. Atataka kila mwanachama atoe Sh3,000 siku ya kwanza, zipatikane Sh60,000, na rambirambi iwe Sh60,000 kwa kila msiba. Hapo mfuko wa mwaka unakuwa Sh460,000, unabeba misiba saba na kubakiza Sh40,000. Misiba miwili ikifuatana mwanzoni, pengo likopwe kwenye hisa bila riba, lirudishwe michango ikiingia. Kiasi ni kidogo kuliko laki moja, ndiyo, lakini hakimbagui mtu kwa tarehe ya msiba wake.

Riba nayo ina mtego wake. Mkopo wa Sh300,000 kwa miezi mitatu, asilimia 10 kwa mwezi, ukitozwa juu ya kiasi cha awali mpaka mwisho, riba ni Sh90,000. Ukitozwa juu ya salio, huku mkopaji akirejesha Sh100,000 kila mwezi, riba ni 30,000, kisha 20,000, kisha 10,000, yaani Sh60,000. Anayeweka sana na hakopi atapenda ya kwanza, kwa kuwa faida hugawanywa kwa hisa. Asiyejua kama atakuwa mwekaji au mkopaji huchagua ya pili. Hata faini ya kuchelewa ina upande: hisa ikiwa Sh2,000, faini ya Sh1,000 ni sehemu ya kumi ya akiba ya wiki kwa mwenye hisa tano, ila ni nusu nzima kwa mwenye hisa moja. Zikilimbikizana, huyu wa pili ndiye huacha kuja.

Namna ya kufanya ni hii. Andaeni vikaratasi kwa idadi ya wanachama. Kila kimoja kiwe na hali moja: hisa tano kila wiki, hisa moja, mkopo mkubwa na biashara imeungua, amelazwa miezi miwili, amefiwa wiki ya tatu, amefiwa wiki ya 35, mweka hazina, asiyejua kusoma. Vichanganywe, kila mtu apewe kimoja kikiwa kimefunikwa, na asikifunue. Kifungu kisomwe, kijadiliwe, kipigiwe kura ya siri kwa punje ya mahindi kwa ndiyo na harage kwa hapana. Mwenyekiti wa mzunguko uliopita azungumze mwisho, la sivyo wengine watamfuata yeye. Baada ya kura ndipo vikaratasi vifunuliwe. Kama kuna mwenye hali ambayo chini ya kifungu hicho asingejiunga kabisa, kifungu kirudi mezani, vikaratasi vichanganywe tena.

Wapo watakaohofu kwamba hivi wenye uwezo watakimbia. Majaribio ya Norman Frohlich na Joe Oppenheimer, miaka ya 1980, yanaonyesha vingine: vikundi vya watu watano watano vilivyochagua kanuni bila kujua nafasi zao, vingi havikutaka usawa wa vipato. Vilitaka wastani wa vipato uongezeke, ila kuwe na kiwango ambacho hakuna atakayeshuka chini yake. Kikoba kiko hivyohivyo. Mwenye hisa tano apate mara tano ya faida, maana fedha yake ndiyo inayomwezesha mwenye hisa moja kupata mkopo. Kinachohitajika ni ile sakafu.

Kwenye mchezo wa kupokezana ni hivyohivyo: mdhamini na adhabu ya anayepokea kisha akaacha kuchanga vikubaliwe kwanza, ndipo kura ya nani apokee wa kwanza ipigwe. Na badiliko lolote la katiba katikati ya mzunguko lianze kutumika mzunguko ujao, kwa kuwa wakati huo pazia limeshafunuka.

Kwa maofisa maendeleo ya jamii wa kata: mnapopokea katiba ya kikundi, ombeni na muhtasari wa kikao, mwangalie tarehe mbili, ya kupitisha katiba na ya kuchagua viongozi. Kama uchaguzi umetangulia, warudishieni wakae upya.

Wawezeshaji wa vikundi vya hisa,
Morogoro