Mlituuzia Stockholm ya Juni, mkatupeleka Desemba

Zanzibar,
20 Januari 2025

Meneja,
Idara ya Safari za Nje,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA, SAFARI YA STOCKHOLM YA 7–14 DESEMBA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na mama yangu mzazi tulikuwamo katika kundi mlilolipeleka Sweden mwezi uliopita. Namba ya mkataba, nakala za risiti na ratiba mliyotupa nimeviambatanisha. Tuliporudi nilimpigia simu ofisa wenu, akanijibu kwamba baridi ni ya Mungu na kampuni haina mamlaka nayo. Kwa hiyo nianzie hapo: silalamikii baridi. Makoti tulinunua, soksi za sufu tulivaa, na bi mkubwa hakupata hata mafua. Ninacholalamikia ni karatasi yenu.

Ratiba ile iliandikwa kwa ajili ya kiangazi, kisha mtu akabadilisha tarehe bila kubadilisha kitu kingine. Katikati ya Desemba jua la Stockholm huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Ninyi mmeandika: "Saa 10 jioni, ziara ya boti kufurahia mandhari ya visiwa." Saa 10 jioni jua lilikuwa limeshazama zaidi ya saa nzima, na kiza kimetanda. Tulizungushwa majini tukitazama nyuso zetu wenyewe kwenye vioo vya boti. Na kwenye ukurasa wa mbele wa tangazo mmetuahidi "jua la usiku wa manane". Jua hilo huonekana kaskazini ya Duara la Aktiki. Stockholm iko mbali kusini ya hapo, hailioni hata Juni, seuze Desemba.

Mwanga wenyewe ni wa saa sita hivi kwa siku, na hata huo mlitupunguzia. Mkataba unasema hoteli iko "katikati ya jiji". Tulilazwa Märsta, karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda, ambako treni ya kwenda mjini huchukua zaidi ya nusu saa. Kila asubuhi tulifika mjini siku imeshaliwa.

Sasa nije kwenye jambo kubwa. Tarehe 10 Desemba ratiba inasema: "Kutembelea Stadshuset, ukumbi alimotunukiwa Nobel Profesa Wangari Maathai, na kupanda mnara wa mita 106." Ndugu Meneja, tarehe 10 Desemba ndiyo siku ya karamu ya Nobel. Ni siku alipofariki Alfred Nobel, mwaka 1896, na haibadiliki. Siku hiyo Stadshuset, yaani jumba la halmashauri ya jiji, inaandaa meza za mfalme na washindi, haipokei watalii. Tulisimama nje tukaelekezwa, kwa adabu sana, turudi nyuma ya vizuizi. Mnara nao hupandwa miezi ya joto tu, kwa hiyo hata mngetupeleka siku nyingine Desemba ile tusingeupanda. Na Profesa Maathai hakutunukiwa humo. Nobel ya Amani hutolewa Oslo, Norway, na ndiko alikoipokea mwaka 2004. Hata hizo nishani nyingine, Stockholm hutolewa kwenye ukumbi wa muziki wa Konserthuset. Kwa Nobel, Stadshuset ni mahali pa kula karamu tu.

Makosa ya maelezo ningeyameza. Lakini kwenye mchanganuo wa gharama mmetutoza "kiingilio Stadshuset, 10 Desemba". Tiketi ya watalii ya siku hiyo haiuzwi. Basi fedha hizo mlimlipa nani? Swali hili nalitaka lijibiwe kwa maandishi, tena kabla ya mengine yote.

Mjue pia kwamba sisi watu wa huku tulikuwa na sababu yetu ya kulipia safari hii. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Makumbusho ya Nobel yako Stortorget, katika mji mkongwe wa Gamla Stan, na washindi huweka saini chini ya viti vya mgahawa wake. Mgeni anaruhusiwa kukipindua kiti akasoma. Ratiba yenu ilitupa hapo "picha za nje, dakika 10".

Kiongozi wa ziara ni suala jingine. Tulilipia "kiongozi anayezungumza Kiswahili" kwa sababu mama yangu hajui Kiingereza. Tukakabidhiwa kijana mpole anayesema Kiingereza na Kiswidi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa "hakuna matata", basi. Nikawa mimi ndiye mkalimani, mchana kutwa, kwa kundi zima, na risiti ya kazi hiyo sijaiona.

Nitakuwa muungwana niseme kilichokuwa kizuri: meli ya kivita ya Vasa. Ilizama tarehe 10 Agosti 1628 kwenye safari yake ya kwanza, haijafika hata maili moja, ikaopolewa mwaka 1961, na leo imesimama nzima ndani ya makumbusho yake pale Djurgården. Mama ni binti wa fundi majahazi. Aliitazama kimya, kisha akauliza: "Farumi yake ilikuwa kiasi gani?" Ndilo swali lenyewe, maana farumi ni ule uzito unaowekwa chini ya chombo kisipinduke. Meli ile ilijengwa ndefu kwenda juu, ikabeba mizinga mizito kwenye sitaha mbili, na uzito wa chini haukutosha kuishikilia upepo ulipovuma. Wasingeweza hata kuongeza farumi, kwani milango ya mizinga ya chini ingekaribia maji. Nilimsomea haya kwenye maelezo ya ukutani, akataka kuzunguka na upande wa tezi, nyuma ya meli. Kiongozi akasema muda umekwisha, maana ratiba yenu imeipa Vasa nusu saa na duka la zawadi saa nzima.

Kuhusu fedha: mlituandikia tuchukue taslimu kwa kuwa "kadi za Afrika hazikubaliwi Ulaya". Kinyume chake ndiyo kweli. Sweden sasa ni nchi ya kadi. Basi la mjini halipokei noti, maduka chungu nzima yamebandika tangazo la kukataa taslimu, na mama yangu alisimama mbele ya mlango wa choo cha kulipia akiwa na noti mkononi, mlango unadai kadi. Kadi yangu ya benki ya hapa nyumbani ilikubaliwa kila nilipoitumia. Baya zaidi, duka la kubadilisha fedha mlilotuelekeza lilitupa noti za krona 100 zenye sura ya Carl von Linné. Noti hizo ziliacha kuwa halali baada ya 30 Juni 2017. Kuzirejesha ni kuzijazia fomu na kuzituma benki kuu ya Sweden, na kulipia ada juu yake.

La mwisho linaniuma kwa ajili ya mama. Kwenye fomu yenu, penye "mahitaji maalumu", niliandika chakula halali na muda wa sala. Kule Desemba, kutoka adhuhuri mpaka magharibi ni kiasi cha saa tatu, na alasiri imo katikati. Ratiba haikuacha nafasi hata moja, na kiongozi akasema hajui msikiti wowote. Msikiti wa Stockholm uko Södermalm, jirani na kituo cha metro cha Medborgarplatsen, katika jengo lililokuwa la mitambo ya umeme, na umefunguliwa tangu mwaka 2000. Aliyetuonyesha ni mama mmoja wa Kisomali aliyelelewa Mombasa. Alimsikia bi mkubwa akinung'unika ndani ya treni, akageuka: "Shikamoo mama, mwatafuta nini?" Huyo hatukumlipa chochote.

Kwa hayo, nadai mturejeshee mimi na mama yangu kiingilio cha Stadshuset na mnara, gharama ya boti, tofauti ya bei kati ya hoteli ya katikati ya jiji na ile ya Märsta, malipo ya kiongozi wa Kiswahili, na thamani ya noti zilizokufa. Pia tangazo hilo liondolewe, maana nimeona bado mnalitumia kuuzia safari ya Februari, na jua la usiku wa manane limo vilevile.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na ratiba yenu ni ushahidi unaojieleza wenyewe.

Ofisa wenu alinidokeza habari ya vocha ya punguzo kwa safari nyingine. Vocha sitaki. Fedha zirudi kwenye akaunti ileile zilikotoka.

Wenu,

Mteja
(jina na sahihi vimo kwenye nakala ya mkataba iliyoambatanishwa)