Hofu ya ugonjwa nayo itibiwe

Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu watu wanaohama maabara hii hadi ile wakitafuta ugonjwa. Msiwaite wadekaji. Hofu ya ugonjwa ni tatizo linalotambulika kitabibu: moyo unaenda mbio kweli, kifua kinabana kweli. Majibu mazuri humtuliza mtu siku mbili tatu, kisha anarudi kwenye simu kusaka dalili usiku kucha.

Kipimo cha nne kinammalizia hela tu (maabara za mtaani hazilalamiki). Kinachosaidia ni tiba ya mazungumzo, inayomzoesha kupunguza kujikagua na kuulizauliza. Wizara ya Afya ipeleke wanasihi hadi vituo vya afya vya kata, wasisubiriwe kwenye hospitali kubwa za Mirembe na Muhimbili pekee. Na daktari, vipimo vikiwa safi, asiishie kusema "huna kitu". Ampe rufaa kwa mnasihi.

Msomaji,
Dar es Salaam