Risala ya akina mama wa VICOBA, Moshi, kwa mgeni rasmi siku ya mgao

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, ndugu wanakikundi, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha leo, nawe tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Sisi ni kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana; tuko 30, wengi wetu tunauza ndizi na mitumba.

Mheshimiwa, kasha lililo mbele yako lina kufuli 3, na funguo zake wanazo akina mama 3 wasiokaa nyumba moja. Kila Jumatano linafunguliwa mbele ya wote. Mweka hazina anahesabu noti kwa sauti, katibu anaandika, na asiyesikia anasema "rudia". Inarudiwa.

Kwa mazoea hayo, bajeti ya 2024/25 iliposomwa Dodoma tulisikiliza redio kwa makini. Jumla ilikuwa shilingi trilioni 49.35: takriban trilioni 34.59 za matumizi ya kawaida na 14.76 za maendeleo. Tukadhani ndizo zitakazotumika. Binti wa mwenzetu anayesoma uhasibu akatusahihisha: hayo ni makadirio. Kuna fedha zilizopangwa, kuna zinazotolewa na Hazina, na kuna zilizotumika kweli. Hesabu za mwaka unaoishia Juni hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, naye humkabidhi Rais ripoti ifikapo mwisho wa Machi, kisha inapelekwa bungeni.

Kilichotugusa zaidi ni deni. Jumla ile ina ndani yake malipo ya mtaji wa madeni yaliyoiva, yaani fedha yenyewe iliyokopwa, bila riba. Kwa vipimo vya takwimu za kimataifa, riba ndiyo matumizi. Kurejesha mtaji ni kupunguza deni tu. Hilo tulilielewa upesi, maana mwenzetu akirudisha mkopo wake hapa hatuandiki kwamba kikundi kimetumia. Kwa hiyo anayelinganisha matumizi ya nchi mbili aulize kwanza kila moja imejumlisha nini. Swali hili hatukuwahi kulisikia likiulizwa sokoni, na linastahili kuulizwa.

Mheshimiwa, tuna ombi moja. Tuliwahi kukuta kwenye ubao mmoja wa matangazo karatasi yenye neno "matumizi" na jumla moja, wino umelowa mvua. Tunaomba kila robo mwaka fedha za kata yetu zibandikwe kwa safu 3: zilizopangwa, zilizopokelewa, zilizotumika. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, iwe na mstari wake. Herufi ziwe kubwa; bibi zetu nao ni wanachama.

Katika mfuko wa jamii wa kikundi chetu tumetenga fedha za ubao wenye mlango wa kioo, na fundi ameshapima. Tunaomba ruhusa yako tuutundike nje ya ofisi ya kata.

Tunaomba kuwasilisha.