Barua kwa Mama Neema: fungu la kumi litoke kwenye faida

Bagamoyo

Mpendwa Mama Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imefika, na swali lako si la kujibiwa juu juu: inakuwaje mtu anatoa kwa uaminifu, hana anasa yoyote, na mtaji wa dagaa bado unaisha kila mbalamwezi, siku ambazo boti haziendi kuvua?

Kutoa kwako hakuna kosa, mwenzangu. Kosa liko kwenye fungu unalotolea. Umeandika kwamba ukiuza 120,000 unatenga 12,000 ya Bwana papo hapo. Sasa tuseme humo ndani 85,000 ni ya kununulia ndoo za dagaa za kesho pale soko la samaki la Deep Sea, na 15,000 ni kuni, chumvi, ushuru na bajaji. Faida ni 20,000, kwa hiyo fungu la kumi la siku hiyo ni 2,000. Ukitoa 12,000 unabaki na 8,000 ya kulisha nyumba nzima. Haitoshi, kwa hiyo unachomoa kidogo kwenye fedha ya ndoo bila kuandika, na baada ya wiki ndoo zinapungua. Kumbukumbu la Torati 14:22 inadai fungu la kumi la maongeo ya mbegu, yale yaliyotoka shambani. Mtaji wako ndio mbegu.

Jioni, kabla hujawasha moto, fungua pindo la kanga na upange noti mkekani zikiwa bado zinanuka chumvi. Kwanza fedha ya ndoo, pili gharama. Kinachobaki ndicho faida: kiandike, utenge zaka, kila fungu liende kwenye kopo lake. Boti zikipumzika kwa mbalamwezi, mtaji uhamishie kwenye simu, kwani siku hizo ndipo unapoliwa, unakaa ndani hauna kazi na watoto wana njaa. Ila laini iwe haina deni la mkopo wa simu, maana fedha ikiingia kwenye laini yenye deni hukatwa papo hapo kulipia mkopo. Uutoe wote mara moja giza likirudi na boti zikaanza kuvua tena. Ukitoa vipande vipande, ada zinakumaliza.

Halafu jilipe posho. Paulo anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo (Wafilipi 4:11), na mimi naamini kwa mfanyabiashara somo hilo linaanza na kiwango kilichowekwa mapema. Ukiuza siku 20 kwa faida ya 20,000, una 400,000. Usigawe kwa siku 20, gawa kwa siku 30, kwa sababu mbalamwezi nayo mnakula. Zaka 40,000. Posho 10,000 kwa siku, jumla 300,000. Zinabaki 60,000: weka 40,000 akiba ya kodi na ada za shule, na 20,000 mfuko wa huruma.

Giza likiwa zuri, faida ikafika 30,000 kwa siku, posho ibaki ileile 10,000. Hapo ndipo kuridhika kunapopimwa, kuliko hata siku za uhaba. Zaka inapanda kuwa 3,000, ziada nyingine ijaze akiba mpaka ifikie posho ya siku 30. Ikishajaa, sehemu kubwa ya ziada ihamie kwenye mfuko wa huruma. Akiba isiyo na kikomo itaula ukarimu wako kimyakimya, hata kama wewe ni mtu wa kutoa.

Mfuko wa huruma ndio utakaokuokoa na kadi za michango ya harusi. Katika 1 Wakorintho 16:2 Paulo anaagiza kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isifanyike atakapofika. Kadi ikija, angalia kopo. Kama kuna 5,000, toa 5,000 kwa moyo mkunjufu na usione aibu. Mama yako atangulie kabla ya kadi yoyote, na hata kabla ya ahadi ya harambee kanisani. Soma Marko 7:10-13, Yesu hakulifumba jambo hilo. Wala usiahidi kwa samaki ambao bado wako baharini.

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa inayodaiwa kila siku, nakusihi uikimbie. Unapewa 300,000, unarudisha 12,000 kila siku kwa siku 30, jumla 360,000. Wanaiita asilimia 20. Lakini unaanza kurudisha mara moja, kwa hiyo kwa wastani unakaa na 150,000 hivi tu, na 60,000 juu ya hiyo ni asilimia 40 kwa mwezi mmoja. Faida ya 20,000 inabaki 8,000, na mbalamwezi wanakuja kudai siku ambayo hujauza hata sado moja. Kama umo tayari, simamisha akiba na mfuko wa huruma mpaka umalize. Kulipa deni nako ni haki mbele za Mungu (Zaburi 37:21).

Giza lijalo likianza, nitumie hesabu za siku tatu za kwanza, faida peke yake, tuone kama 10,000 inatosha au tuipandishe. Nisalimie Neema na bibi yake.

Wako katika Kristo,
Mama Yohana