Zawadi mmetoa, insha yenyewe iko wapi?

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini ile habari ya sherehe ya chuo kidogo huku kwetu Tororo, ile mliyoweka na picha kubwa ya malekchara wamevaa majoho, imenikera sana. Mmesema chuo kimesherehekea utafiti wa walimu na uandishi bora wa wanafunzi. Hongera kwao. Sasa nani amesoma hata ukurasa mmoja wa hivyo vitu vilivyosherehekewa?

Aliyeshinda insha ni binti wa dada yangu. Aliandika juu ya akina mama wa Malaba, mpakani na Kenya, wanaovusha maharage na mayai kwa njia za panya, wanakimbizwa na askari na wananyang'anywa mzigo, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, mzigo usiozidi dola 2,000 ukiwa umetoka ndani ya Jumuiya na uko kwenye orodha yao unajaziwa cheti pale pale mpakani na haulipi ushuru wa forodha. Wengi hawajui. Jirani yangu anauza huko, aliposikia akaniomba nimletee hiyo insha asomewe. Nikaenda chuoni. Laibrari wakanituma kwa sekretari, sekretari akanituma kwa mkuu wa idara, mkuu wa idara akasema iko kwa mwalimu mmoja na huyo mwalimu yuko Kampala, halafu eti insha ikishashinda ni mali ya chuo, haitolewi ovyo. Mali ya chuo! Binti aliiandika kwa mkono na hiyo ndiyo nakala yake pekee, leo hata yeye hawezi kuisoma, amebaki na cheti cha kutundika ukutani, na yule mama jirani yangu bado anapita porini usiku na trei za mayai kichwani. Fotokopi ya kurasa chache ingewashinda nini watu waliolipia hema na mabango?

Makerere mwaka 1958 idara ya Kiingereza ilianzisha jarida la wanafunzi, Penpoint, na Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa mwanafunzi tu alichapisha hadithi humo. Watu walimsoma, ndiyo maana walimjua.

Na hao malekchara nao. Wanakuja vijijini na madodoso yao, wanatuuliza tunalima nini, tunakula nini, watoto wangapi, tunaacha kazi tunawajibu, halafu hawarudi. Majibu yetu tunakuja kusikia yakitajwa kama kichwa cha utafiti kwenye maikrofoni, kwa Kiingereza, wakati Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba ya Uganda tangu 2005 na baraza la mawaziri Julai 2022 liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Soko zima la Malaba linaongea Kiswahili.

Ninachoomba ni hiki. Insha zote zilizoshinda zipigwe chapa, zibanwe kwa stepla, nakala 20 zibaki laibrari na 50 zipelekwe sokoni Malaba kwa viongozi wa akina mama. Na kila lekchara aliyepewa zawadi aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili, aje ausome siku ya soko mbele ya watu aliowahoji, asubuhi kabla jua halijawa kali, ndipo apewe cheti chake. Na nyinyi mhariri chapisheni hiyo insha ya Malaba yote, chuo kikikubali kuitoa.

Msomaji wenu,
Tororo